Maswali ya Wasomaji: Nchi Ndogo Inapokaa Meza Moja na Nchi Kubwa

Tangu tulipochapisha makala fupi kuhusu mikataba ya biashara huria baina ya nchi zenye uchumi mdogo ulio wazi na nchi zenye uchumi mkubwa, barua za wasomaji hazijakatika, na nyingi zinauliza jambo lile lile kwa njia mbalimbali. Tumechagua zile zinazobeba hoja za wengi. Tunaposema uchumi mdogo ulio wazi, tunakusudia nchi inayotegemea sana biashara ya nje lakini ambayo kiasi inachonunua na kuuza ni kidogo mno kuweza kutikisa bei katika soko la dunia.

SWALI: Darasani tumefundishwa kwamba ushuru wa forodha unaotozwa na nchi ndogo huiumiza nchi hiyo yenyewe. Ikiwa ni kweli, kwa nini isiufute tu, bila kungoja mkataba na mtu yeyote? (Mwanafunzi wa uchumi)

JIBU: Mlilofundishwa ni sahihi, na ni vizuri kulielewa sababu yake kabla ya kuendelea. Nchi kubwa inapotoza ushuru, muuzaji wa nje huenda akalazimika kushusha bei yake ili asipoteze soko, na kwa njia hiyo sehemu ya mzigo humwangukia yeye. Nchi ndogo haina ubavu huo, kwa kuwa muuzaji ataipeleka shehena yake kwingine kwa bei ile ile, na ushuru wote utabebwa na wanunuzi wa ndani pamoja na viwanda vinavyotumia bidhaa hiyo kama malighafi. Ndiyo maana zipo nchi zilizofanya hasa hilo unalolipendekeza. Hong Kong imeishi miongo mingi bila ushuru wa forodha, Singapore hutoza aina chache tu za vileo, na Uswisi ilifuta ushuru wa bidhaa zote za viwandani tarehe 1 Januari 2024 bila kudai malipo kwa yeyote. Chile ilishusha ushuru wake wa jumla kutoka asilimia 11 mwaka 1998 hadi asilimia 6 mwaka 2003, ikipunguza asilimia moja kila mwaka, na kiwango hicho kikawa kimoja kwa karibu bidhaa zote. Kwa maoni yangu usawa huo una thamani kama punguzo lenyewe, kwa sababu unawanyima wenye viwanda nafasi ya kubisha hodi wizarani, kila mmoja akiomba ulinzi wake.

Lakini kufuta ushuru wako hakufungui mlango wa jirani. Msafirishaji wa matunda wa Chile bado alikuwa anakutana na ushuru, viwango vya ukomo na ukaguzi katika bandari za wengine, na hayo hayaondolewi na uamuzi wa Santiago peke yake. Hapo ndipo mkataba unapokuwa na kazi. Kisha linazuka tatizo ambalo vitabu hulipita haraka, nalo ni kwamba nchi iliyokwisha kufuta ushuru wake inafika mezani ikiwa haina kitu cha kutoa, na mkono mtupu haulambwi. Singapore ilipojadiliana na Marekani, na hatimaye kusaini mkataba tarehe 6 Mei 2003, hapakuwa na ushuru wa maana wa kuubadilisha. Kwa hiyo Marekani iliomba mengine: leseni za benki, mawasiliano ya simu, ulinzi wa hataza (haki ya mvumbuzi kumiliki peke yake alichovumbua) na hakimiliki, sheria ya ushindani, na hata ruhusa ya kuuza ubani wa kutafuna wa kitabibu katika nchi iliyopiga marufuku uuzaji wa ubani tangu 1992. Ombi hilo la mwisho lilichekesha wengi, ila linaonyesha wazi kwamba pale ushuru unapokwisha, mazungumzo huhamia kwenye sheria za ndani za nchi.

SWALI: Nchi kubwa inafaidika nini kwa kusaini na nchi yenye watu wachache kuliko mji wake mmoja? (Msomaji wa siku nyingi)

JIBU: Soko ni nadra kuwa sababu kuu. China ilisaini mkataba na Iceland, nchi yenye watu wasiofika laki nne, mwezi Aprili 2013, na hakuna aliyedhani kwamba viwanda vya China vilikuwa vikisubiri wanunuzi wa Reykjavik. Kilichotafutwa ni kutambuliwa na kuweka mfano. Tangu ilipojiunga na Shirika la Biashara Duniani mwaka 2001, China ilikuwa ikitaka ihesabiwe kuwa na uchumi wa soko, yaani ambao bei zake hupangwa na soko wala si na serikali, kwa sababu nchi isiyohesabiwa hivyo inaposhtakiwa kuuza bidhaa nje kwa bei ya kutupa, yaani chini ya bei ya nyumbani kwake, washtaki wake huruhusiwa kutumia bei za nchi nyingine kukokotoa ushuru wa adhabu, na ushuru huo huwa mkubwa. New Zealand iliitambua China mwaka 2004, ikiwa ya kwanza miongoni mwa nchi zilizoendelea. Miaka minne baadaye, Aprili 2008, ikawa pia nchi ya kwanza iliyoendelea kusaini nayo mkataba wa biashara huria.

Marekani nayo ilianza na Israeli mwaka 1985, kwa sababu za urafiki wa kisiasa zaidi kuliko za kibiashara. Katika mkataba wake na Jordan, ulioanza kutumika mwishoni mwa 2001, iliweka vifungu vya haki za wafanyakazi na mazingira ndani ya maandishi yenyewe ya mkataba, jambo ambalo halikuwa limefanyika kabla katika mikataba yake ya aina hiyo. Nchi ndogo huwa ndiyo karatasi ya kwanza ya kuandikia, na kilichoandikwa pale huletwa kesho kwa mwingine kama kawaida iliyokwisha kuzoeleka. Mjumbe wa nchi ndogo anapaswa kulijua hilo, maana linampa nguvu ambayo huenda hakuihesabu: saini yake ina bei kubwa kuliko soko lake.

SWALI: Mimi ni mwagizaji wa bidhaa. Nikisikia ushuru unafutwa kwa bidhaa za nchi fulani nafurahi, lakini jamaa yangu aliye hazina anasema taifa laweza kupata hasara. Nani kati yetu yuko sahihi?

JIBU: Mnaweza kuwa sahihi nyote wawili kwa wakati mmoja, na hesabu yake ni fupi. Chukua bidhaa ambayo nchi ya tatu, isiyo na mkataba nanyi, inaiuza kwa 100, na nchi kubwa inayotaka mkataba inaiuza kwa 108. Ushuru wenu ni asilimia 10 kwa wote. Leo bidhaa ya nchi ya tatu inafika sokoni kwa 110 na ile ya nchi kubwa kwa takriban 119. Bila shaka wewe unanunua ya kwanza, na hazina inapata 10. Mkataba ukisainiwa, bidhaa ya nchi kubwa inaingia bila ushuru kwa 108, ilhali ile nyingine inabaki 110. Unahamia kwa nchi kubwa na kuokoa 2. Hazina inapoteza 10 yote. Taifa kwa jumla limepungukiwa 8 kwa kila bidhaa mliyokuwa mkinunua, kwa sababu mmeacha muuzaji wa bei nafuu mkaenda kwa muuzaji ghali, na tofauti hiyo ya 8 imekwenda kulipia gharama za juu za mzalishaji wa nchi kubwa.

Mwanauchumi Jacob Viner alilieleza jambo hili mwaka 1950, akitofautisha mkataba unaozalisha biashara mpya na mkataba unaoichepusha tu biashara iliyokuwapo kutoka kwa muuzaji bora. Upo upande wa pili pia. Kama bidhaa hiyo ilikuwa inatengenezwa nyumbani kwa gharama kubwa kuliko 108 nyuma ya ukuta wa ushuru, basi mkataba unaleta nafuu ya kweli, kwa kuwa mnaacha kutumia nguvu nyingi kutengeneza kile mnachoweza kukinunua kwa kidogo. Na bei ikishuka watu hununua zaidi, nalo hilo ni faida ambayo hesabu yangu ya juu haikuiingiza.

Sasa irudie hesabu ile ile kwa ushuru wa asilimia 6. Bidhaa ya nchi ya tatu inafika kwa 106. Nchi kubwa, hata ikiondolewa ushuru wote, bado ni 108. Huhami. Hakuna biashara iliyochepushwa, hakuna mapato yaliyopotea bure. Kwa sababu hii naamini kwamba nchi ndogo inayotaka mkataba na nchi kubwa ingefanya vyema kwanza kushusha ushuru wake kwa nchi zote, kama Chile ilivyofanya kabla ya kusaini na Marekani mwezi Juni 2003 na kisha na China mwaka 2005. Wapo wanaosema kwamba kushusha mapema ni kutupa silaha kabla ya vita. Jibu langu ni kwamba silaha hiyo inamjeruhi aliyeishika, na kwamba, kama tulivyoona kwa Singapore, nchi kubwa huwa haiji mezani kwa ajili ya ushuru wa nchi ndogo hata hivyo.

Kuhusu hazina ya jamaa yako, neno moja tu. Nchi ambazo sehemu kubwa ya mapato ya serikali hutoka forodhani zinahitaji kuwa na kodi mbadala inayofanya kazi kabla ya ushuru kuanza kushuka, wala si baada yake, kwa kuwa kodi ya ongezeko la thamani inahitaji wahasibu, mifumo na walipakodi waliosajiliwa, na hivyo havipatikani kwa mwaka mmoja.

SWALI: Nimeambiwa kwamba shati lililokatwa na kushonwa ndani ya nchi mwanachama laweza kutozwa ushuru kamili likifika kwa nchi kubwa, ingawa mkataba unasema nguo hazitozwi. Inawezekanaje?

JIBU: Inawezekana, na hutokea kila siku. Mkataba wa biashara huria hauondoi ushuru kwa kila kinachotoka bandarini kwako. Unauondoa kwa kile kinachohesabiwa kuwa kimezaliwa kwako. Kanuni za uasili wa bidhaa ndizo zinazoamua, nazo hukaa kwenye viambatisho ambavyo wanasiasa hawavisomi na waandishi wa habari hawavitaji.

Kwa nguo, mikataba mingi ya Marekani hudai kwamba kuanzia uzi wenyewe, kila hatua ifanyike ndani ya nchi wanachama: uzi usokotwe humo, kitambaa kifumwe humo, kisha nguo ikatwe na kushonwa humo. Shati lililoshonwa vizuri kwa kitambaa kilichoagizwa kutoka nchi ya tatu halitimizi sharti, hata kama mafundi wote mia moja walioligusa ni raia wa nchi mwanachama. Nchi ndogo mara chache huwa na viwanda vya kusokota uzi, na hivyo ama inunue uzi na kitambaa kutoka kwa nchi kubwa yenyewe, ama ilipe ushuru. Ukitazama kwa makini utaona kwamba sharti hilo linawatafutia soko wasokotaji wa nchi kubwa kuliko linavyomfungulia mlango mshonaji wa nchi ndogo. Kwa bidhaa nyingine hutumika kipimo cha thamani, mathalani asilimia 35 ya thamani iwe imeongezwa ndani ya nchi wanachama, kama ilivyo katika mikataba ya Marekani na Israeli na Jordan. Kipimo hicho ni chepesi zaidi kukielewa, ila kinamtaka mzalishaji aweke hesabu za gharama zake kwa namna ambayo karani wa forodha wa nchi ya mbali ataikubali.

Karatasi hizo zina gharama. Ikiwa ushuru wa kawaida ni asilimia 2 na kutafuta cheti cha uasili, kutunza kumbukumbu na kujibu maswali ya ukaguzi kunagharimu asilimia 3 ya thamani ya shehena, msafirishaji mwenye akili atalipa ushuru na kuendelea na safari yake. Anayeumia zaidi ni mfanyabiashara mdogo, kwa sababu gharama ya kuandaa makaratasi ni karibu ile ile iwe umesafirisha kontena moja au hamsini. Hivyo serikali inayosifu mkataba kwa kutaja idadi ya bidhaa zilizosamehewa ushuru bado haijasema lolote. Takwimu ya kuiomba ni hii: kati ya bidhaa zilizostahili msamaha, ni sehemu gani iliyoutumia kweli?

SWALI: Wakulima wa nchi kubwa hupewa ruzuku kila mwaka. Je, nchi ndogo haiwezi kudai iondolewe ndani ya mkataba? (Mkulima)

JIBU: Inaweza kudai, ila haitapewa, na sababu haitokani na ukaidi peke yake. Ushuru unaweza kufutwa kwa nchi moja na kubaki kwa nyingine zote. Ruzuku haigawanyiki namna hiyo, kwa sababu mkulima aliyelipwa na serikali yake huuza mahindi yale yale kwa dunia nzima. Nchi kubwa ikiipunguza kwa ajili ya mwenza mmoja mdogo, imewapunguzia wote bila kulipwa chochote na wengine. Kwa hiyo jambo hilo husukumwa Geneva, kwenye Shirika la Biashara Duniani, ambako mazungumzo ya Doha yaliyoanzishwa mwaka 2001 hayakufikia mwisho uliokusudiwa. Matokeo yake ni ukosefu wa usawa ulio wazi: ushuru wa nchi ndogo, ambao ndio kinga pekee inayoweza kuigharimia, uko mezani, ilhali ruzuku ya nchi kubwa haipo.

Kinachobaki ni kujikinga kwa njia nyingine, na hapo wajumbe wenye ujuzi wameweza kupata mengi. Katika mkataba wa Marekani na nchi za Amerika ya Kati, Costa Rica iliziacha nje viazi na vitunguu, na mchele ukapewa muda wa mpito wa miaka 20. Kanuni za kimataifa zinataka mkataba ufute ushuru kwa karibu biashara yote baina ya wanachama, lakini hazikutaja asilimia, na ndani ya mwanya huo mazao machache huweza kuhifadhiwa. Wala usidhani kwamba ni wadogo tu wanaojikinga. Marekani iliiacha sukari nje kabisa ya mkataba wake na Australia ulioanza kutumika mwaka 2005. China, yenye watu zaidi ya bilioni moja, iliweka kinga dhidi ya maziwa ya New Zealand: kila mwaka kiasi kilichoingia kikivuka kiwango kilichopangwa, ushuru ulirudi, na kwa maziwa ya unga kinga hiyo iliisha tu mwishoni mwa 2023, miaka 15 baada ya mkataba kuanza. Mjumbe anayeambiwa kwamba kumlinda mkulima wake ni kwenda kinyume na moyo wa biashara huria anaweza kuitaja mifano hiyo miwili kwa utulivu.

SWALI: Mbali na ushuru, kuna lipi jingine ndani ya mikataba hii linalotuhusu sisi wananchi wa kawaida?

JIBU: Ningesema ndiko uliko uzito wenyewe. Mwaka 2007 wananchi wa Costa Rica walipiga kura ya maoni kuhusu mkataba niliokwisha kuutaja, na waliounga mkono walishinda kwa takriban asilimia 51.6 dhidi ya 48.4. Ugomvi uliojaza barabara kwa waandamanaji ulihusu zaidi simu na bima kuliko ushuru, kwani huduma hizo zilikuwa zikitolewa na mashirika ya umma pekee na mkataba ulitaka milango ifunguliwe kwa washindani. Bidhaa nyingi za Amerika ya Kati zilikuwa tayari zinaingia Marekani bila ushuru, chini ya sheria ya upendeleo kwa nchi za eneo la Karibi iliyoanza katika miaka ya 1980. Walichokuwa wakinunua ni uthabiti, yaani upendeleo ambao ungeweza kuondolewa kwa kura ya bunge la nchi nyingine ugeuke kuwa haki ya kimkataba. Na bei yake ililipwa kwa sheria za nyumbani.

Dawa ni mfano mwingine. Mikataba ya Marekani na Chile na Singapore inaagiza kwamba majaribio yaliyowasilishwa na kampuni ili kusajili dawa mpya yalindwe kwa angalau miaka mitano, na katika muda huo mtengenezaji wa dawa nafuu hawezi kuyategemea ili kusajili yake, hata pale ambapo hakuna hataza. Athari yake haionekani siku ya kusaini. Huonekana baadaye, kwenye bajeti ya dawa za hospitali.

Jambo la tatu ni mitaji. Kuanzia 1991 hadi 1998 Chile ilizitaka fedha za muda mfupi zilizoingia kutoka nje ziache sehemu, kwanza asilimia 20 na baadaye 30, benki kuu bila riba, ili zisije kwa kishindo na kuondoka kwa kishindo. Marekani ilipojadiliana nayo ilitaka uhuru wa kuhamisha fedha, na makubaliano yaliyopatikana, kwa Chile na kwa Singapore, yaliweka muda wa mwaka mmoja kabla ya mwekezaji kuweza kuishtaki serikali kwa baadhi ya vizuizi vya aina hiyo. Hilo si haba, lakini ni finyu. Nchi ndogo ndiyo inayoyumbishwa zaidi na mitaji inayohamahama, na chombo cha kujitulizia ni bora kibaki mkononi mwake bila masharti. Nalisema hili nikijua kwamba wachumi wengi wanaoipenda biashara huria, na mimi ni mmoja wao, wanaona biashara ya bidhaa na uhamaji wa fedha za muda mfupi ni mambo mawili yasiyopaswa kufungwa katika mzigo mmoja.

SWALI: Nchi kubwa ikivunja mkataba, mdogo atamfanya nini?

JIBU: Swali hili limeletwa na wasomaji wengi kuliko yote, na linastahili jibu lisilopamba. Kanada ilipoanza mazungumzo na Marekani katika miaka ya 1980, lengo lake kubwa lilikuwa kujikinga na ushuru wa ghafla unaotozwa kwa madai ya ruzuku au bei ya kutupa. Jambo hilo lilikuwa zito kiasi kwamba mkuu wa wajumbe wake, Simon Reisman, aliondoka mezani mwezi Septemba 1987. Walirudi, na Kanada ikapata mabaraza ya pamoja yanayoweza kupitia upya maamuzi ya taasisi za Marekani. Mabaraza hayo yameipa Kanada ushindi mara kadhaa katika mgogoro wa ushuru ambao Marekani huzitoza mbao laini za Kanada, mgogoro ambao ulianza 1982. Hata hivyo suluhu ya mwaka 2006 ilirudisha takriban dola bilioni 4 kati ya bilioni 5 zilizokuwa zimekusanywa. Aliyeshinda kesi aliiacha dola bilioni moja mezani ili ugomvi uishe.

Nchi iliyo ndogo zaidi iko katika hali ngumu zaidi. Antigua na Barbuda iliishtaki Marekani katika Shirika la Biashara Duniani mwaka 2003 kwa kuzuia huduma zake za michezo ya kubahatisha kupitia intaneti, na ikashinda. Marekani haikubadilisha sheria zake. Kanuni zinamruhusu mshindi kulipiza kwa kuongeza ushuru, lakini kisiwa kinachonunua karibu kila kitu kutoka nje kingejiadhibu chenyewe kwa kupandisha bei za vyakula vyake. Mwaka 2007 wasuluhishi waliiruhusu isitishe ulinzi wa miliki bunifu za Marekani, yaani hataza, hakimiliki na mfano wake, hadi thamani ya dola milioni 21 kwa mwaka, ilhali yenyewe ilikuwa imeomba zaidi ya bilioni 3. Hukumu hiyo imekaa miaka mingi bila kuleta malipo ya maana. Utaratibu wa kulipiza ulitungwa kwa ajili ya walio na ukubwa wa kulipiza.

Kisha kuna shinikizo ambalo halivunji kifungu chochote waziwazi. Baada ya Tuzo ya Amani ya Nobel ya mwaka 2010 kutolewa kwa Liu Xiaobo, mpinzani wa serikali ya China aliyekuwa gerezani, China ilisimamisha mazungumzo ya biashara huria na Norway, na uhusiano haukurudi katika hali ya kawaida hadi Desemba 2016. Australia, yenye mkataba na China tangu Desemba 2015, iliona shayiri yake ikitozwa ushuru wa asilimia 80.5 mwezi Mei 2020 kwa hoja za bei ya kutupa na ruzuku. Ushuru huo uliondolewa Agosti 2023. Na mwezi Aprili 2025 Marekani ilipotangaza ushuru wa angalau asilimia 10 kwa karibu nchi zote, Singapore na Chile zilikuwamo, licha ya mikataba yao ya zaidi ya miaka 20.

Je, basi mkataba ni bure? Hapana. Kwa miaka mingi ya kawaida, ambayo haiandikwi magazetini, kontena hupita kwa sababu karani wa forodha ana maandishi mbele yake, na mwekezaji hujenga kiwanda kwa sababu ya maandishi hayo hayo. Ninachokataa ni kuuza mkataba kwa wananchi kana kwamba ni dhamana isiyovunjika. Nchi iliyosaini na nchi kubwa moja inahitaji bado masoko mengine. Kanada ililiona hilo mwanzoni mwa miaka ya 1990, ilipoona kwamba Mexico inataka kujadiliana na Marekani peke yake. Ikajiunga na mazungumzo hayo kwa kuhofia kwamba Marekani ingekuwa kitovu chenye mkataba na kila mmoja, na wawekezaji wote wangehamia kwenye kitovu, kwani ni huko tu mtu angeweza kuuza kwa wote bila ushuru.

SWALI: Ajira zitapotea au zitaongezeka?

JIBU: Yote mawili, kwa watu tofauti na kwa nyakati tofauti. Utafiti wa mwanauchumi Daniel Trefler uliochapishwa mwaka 2004 ulionyesha kwamba katika sekta za Kanada zilizopunguziwa ulinzi zaidi na mkataba wake na Marekani wa 1989, ajira zilishuka kwa asilimia 12 huku tija ya kazi ikipanda kwa asilimia 15, kwa sababu viwanda dhaifu vilisinyaa. Anayesoma tarakimu ya pili peke yake atausifu mkataba, na anayesoma ya kwanza peke yake ataulaani. Serikali inayosaini inawajibika kuzisoma zote mbili, na kuwa na mpango wa mafunzo na fidia kwa wale wa asilimia 12 tangu siku ya kwanza, kwa kuwa faida ya tija haiwafikii wao wenyewe.

SWALI: Nataka kuusoma mkataba mwenyewe, lakini una kurasa elfu. Nianzie wapi? (Mwanachama wa chama cha wafanyabiashara)

JIBU: Acha utangulizi. Anza na orodha ya ushuru ya upande wa pili, utafute bidhaa yako kwa namba yake ya forodha, na uangalie mambo mawili: ushuru wa sasa ni kiasi gani, na unafutwa mwaka gani. Ukikuta kwamba ushuru wa sasa tayari ni sifuri, mkataba haukupi kitu kipya hapo. Kisha ifuate namba hiyo hiyo kwenye kiambatisho cha uasili wa bidhaa, ukiwa na orodha ya malighafi zako na nchi zinakotoka. Baada ya hapo soma sura ya kinga, ujue ni kiasi gani cha mauzo yako kitarudisha ushuru. Sura za huduma, miliki bunifu na uwekezaji husomwa vizuri kuanzia mwisho, kwa sababu misamaha ambayo kila nchi imejiwekea imo viambatishoni, na urefu wa orodha ya nchi kubwa ukilinganishwa na ya nchi ndogo hueleza mengi kuhusu nani alikuwa na wanasheria wengi mezani.

Malizia na kifungu cha kujitoa. Katika mikataba mingi ya aina hii ni aya fupi inayosema kwamba upande wowote unaweza kutoka kwa taarifa ya maandishi ya takriban miezi sita. Linganisha muda huo na miaka ambayo kiwanda chako kinahitaji ili kurudisha mtaji wake, kabla hujaenda benki kuomba mkopo wa kukipanua.